Mguu Mtupu

Siku yangu ya mapumziko, ya kwanza tangu mfunguo tatu,
nilitia mkate wa mofa na chupa ya maji mkobani,
nikaipa bandari ya Mkoani mgongo
nikaanza kupanda.

Pemba haina mlima wa kujisifia.
Ina vilima, vingi, vimebanana
kama watoto waliolazwa kitanda kimoja:
ukimvuka huyu unamkanyaga yule.
Unapanda, unashuka, chini kuna bonde,
bondeni mpunga na matope,
kisha unapanda tena, na goti
linaanza kukusemesha kwa jina.

Kilima cha kwanza, Bi Mboja alikuwa analima muhogo.
"Wendapi, mwanangu?"
"Natembea tu."
"Kwa nani?"
"Si kwa mtu, bibi."
Akaliweka jembe chini.
"Basi niambie. Kafa nani?"

Kwetu mguu hauondoki bure.
Mguu una harusi, una deni,
una mgonjwa wa kukaguliwa, una sahani ya kurudishwa.
Kwa hiyo kilima cha pili nilidanganya:
nakwenda kwa shangazi, Chokocho.
Kilima cha tatu shangazi alishashikwa na homa.
Cha nne, kijana mwenye pikipiki akataka kunipakia bure
nimwahi shangazi kabla hajakata kauli.
Nikamshukuru, nikaingia mikarafuuni
kama mwizi wa makonyo.

Humu ndimo nilimotaka.
Mikarafuu ya zamani, mirefu, mingine imekufa kwa juu,
kivuli kinanuka jino lililotulizwa.
Ninga wawili wanakula matunda huko juu,
maganda yananidondokea begani.
Saa nzima hakuna aliyeniita.
Wodini jina langu huitwa mpaka linachakaa:
Nesi Kazija, maji.
Nesi Kazija, dripu imekwisha.
Nesi Kazija, njoo, njoo, hapumui.
Nikalitundika jina tawini, lipigwe upepo.

Kileleni hakukuwa na kitu.
Mnara wa simu, uzio wake,
na ng'ombe mmoja kafungwa kamba ndefu.
Bahari upande huu, bahari upande ule,
kisiwa katikati kimekunjamana
kama shuka ambayo bado hujaitandika.
Nikala mofa yangu. Ng'ombe akanitazama
wala hakuuliza nakwenda kwa nani.

Kushuka ndiko kugumu.
Nikateleza, nikakaa kitako kwenye udongo mwekundu,
nikacheka peke yangu, kwa sauti, mpaka nikajisikia.

Chini kulikuwa na nyumba moja
na mwanamke anageuza karafuu kwenye jamvi kwa mguu.
Hakuniuliza nakwenda wapi. Aliuliza narudi wapi.
"Mkoani? Basi nifikishie salamu
kwa Sijamini Faki, fundi baskeli, karibu na soko.
Mwambie jamvi lake bado ninalo.
Mwambie hasira zangu zimekwisha, zamani,
nilikuwa naona haya tu kutuma mtu."

Sijamini Faki. Kitanda namba saba.
Macho yake niliyafumba mimi, Jumanne ile,
kucha zake bado zina weusi wa mnyororo.
Habari ya kifo hupanda vilima upesi;
hii sijui ilikwama bonde gani.

Nilifungua kinywa.
Yeye akanijazia kiganja karafuu, za chai, akasema,
na kiganja kikajifunga chenyewe.
"Zimefika," nikasema,
kama anavyosema kila anayepewa salamu.

Njia ya kurudi ina vilima vilevile,
ila sasa vimegeuza nyuso.
Sikukumbuka kulichukua jina langu tawini.
Alasiri nikampita Bi Mboja, bado yumo muhogoni.
Uongo wangu ulikuwa umepanda pikipiki, ukanitangulia.
"Umemkuta hai shangazi?" akaniuliza.
"Hajambo kidogo," nikajibu,
na karafuu zikinichoma mkononi.