Nyusi Mbili

Ghuba ya Lutembe, Jumapili ya pili ya Aprili.
Mvua imenyesha usiku kucha,
mtumbwi una maji ya kufika vifundoni
na Bazanya anayakomba kwa kopo la rangi,
polepole, kama mtu anayelipa deni.

Nimebeba darubini yenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli,
daftari ndani ya mfuko wa maziwa,
chapati mbili, na tamaa
ambayo sikumwambia hata mume wangu.

Buabua wamejaa ukingo wa matope.
Elfu? Elfu na nusu? Nahesabu kwa makumi,
kisha mmoja anaruka na hesabu yote inaruka naye.
Oktoba walikuja weupe. Sasa wanageuka:
kifua kimeingia moshi, kichwa tayari masizi.
Kwetu nyeusi ni ya matanga;
wao wanaivaa kwenda kuoana,
huko kwenye madimbwi ya theluji iliyoyeyuka
ninayoyajua kwa ramani tu.

Nyuma yetu mashamba ya maua, paa za nailoni,
harufu ya dawa inayokwaruza koo.

Saa tatu, jua. Saa nne, mbu na jua.
Saa tano kasoro, kati ya vitwitwi wa kawaida,
mmoja mfupi, mdomo umepinda kidogo nchani
kama msumari uliokosea ubao,
na juu ya jicho, mstari mweupe,
na juu ya mstari, mwingine.
Nyusi mbili.
Miaka kumi na moja nimemtafuta.

"Ndege!" nanong'ona.
Bazanya anatazama juu.
Anatafuta ile ya Doha, iliyomchukua bintiye Nabwami
mwaka juzi, na sanduku la kuazima.
"Si hiyo," nasema. "Ndege ndege."

Na hapo hapo, kana kwamba imeitwa, inapita ya chuma,
chini, magurudumu nje, ikishuka Entebbe.
Ghuba nzima inainuka.
Mabawa, kelele, matone.
Yanapotulia, matope ni matupu,
ila yangeyange mmoja asiyejali.

Fomu inataka shahidi.
Nakaa na kalamu hewani, nikijiona mwongo.

"Ulikuwa unatazama kale ka nyusi mbili?" anauliza,
kwa Kiswahili chake cha visiwani, cha kuuzia dagaa.
"Kako hapa tangu Alhamisi.
Asubuhi kanapenda pale kwenye gogo.
Mimi nilidhani unatafuta cha maana."

Nampa kalamu.
Anaandika jina kwa herufi kubwa, Z imetazama kinyume.
Chini yake pameulizwa chombo kilichotumika.
Naandika darubini, upande wangu.
Upande wake, macho.

Tunakula chapati.
Moja imelowa; anaichukua hiyo
kabla sijasema neno,
na bado anatazama juu.