Inchi Kumi na Mbili

Maji yalipoondoka Barlow
yalituachia tope kimo cha droo ya pili,
harufu ya dizeli kwenye mikate,
na cherehani yangu imelala kifudifudi
kama mlevi aliyeikosa nyumba yake.

Kisha zikaja fedha.
Tulizisikia kwanza redioni:
dola milioni nne na laki mbili kwa jimbo letu la Vermont,
barabara, madaraja, makalavati, nyumba za wazee.
Tukapiga makofi tukiwa na glavu za mpira.
Makofi ya mpira hayana mlio.

Mwaka ukapita.
Bi Thibault wa nyumba ya pili
sakafu yake bado ni mbao nne na kiza.
Alinigongea mlango na bahasha,
karatasi mia na sita
alizoziomba kwa barua tatu, akazilipia senti kwa senti.
"Wewe fundi nguo," akasema, "unajua kusoma vipimo."

Nikamwambia neno tulilokuwa nalo sokoni Uvira:
mali bila daftari huisha bila habari.
Kiingereza changu kiliupinda msemo, ukatoka kilema,
lakini aliucheka, akauandika kwa kalamu nene
kwenye mlango wa friji iliyokufa.

Alhamisi tukawa saba, chumba cha chini cha maktaba:
mstaafu wa posta anayezijua nyumba zote kwa namba,
kijana Desmarais muuza matairi,
mwalimu wa hesabu ambaye hasira yake
ilikuwa kimya kama kitunguu kabla ya kukatwa.
Tukasoma fungu kwa fungu,
tukachambua kama mchele,
hapa chuya, hapa jiwe.
Na punje nzima zilikuwa nyingi, lazima niseme.
Nilikuja natafuta mwizi
nikakuta risiti za changarawe, za chumvi ya barabarani,
za kahawa ya watu waliochimba usiku kucha.

Ukurasa wa themanini na moja:
Kalavati, Mtaa wa Cobb.
Bomba la chuma, kipenyo inchi sitini.
Limelipwa.

Jumamosi nikashuka korongoni
kwa buti za Bi Thibault, saizi mbili zaidi,
futi kamba shingoni kama siku zote.
Desmarais akashika ncha moja.
Nikavuta. Nikasoma. Nikamwambia asome yeye.
Arobaini na nane.

Nimepima viuno miaka thelathini.
Nusu inchi ni pumzi ya mteja.
Inchi mbili ni arusi aliyotoka kula.
Inchi kumi na mbili si kosa la mkono,
ni mtu mwingine kabisa.

Kikaoni walitupa dakika tatu.
Mweka hazina, Bwana Pelkey, aliinamia karatasi muda mrefu.
Nyumba yake nayo ilizama; mapazia nilimshonea mimi.
Masikio yakamwiva.
"Nilitia saini," akasema. "Sikwenda kutazama."
Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani mtu apige.

Mkandarasi akaleta barua: makosa ya uchapaji.
Eti kidole kiliteleza
kutoka arobaini na nane mpaka sitini,
na malipo yakateleza nacho.
Sawa. Na mto je,
tuusomee masahihisho?

Sakafu ya Bi Thibault haijaja.
Iko ukurasa wa tisini na nne, nasi twaenda taratibu,
Alhamisi moja kurasa mbili,
moja ikiwa mwalimu ana mafua.

Lakini mwisho wa Oktoba lori lilileta bomba jingine.
Wafanyakazi walikuwa na haraka, ardhi ikianza kuganda,
winchi tayari imelining'iniza juu ya shimo.
"Subirini," nikasema.
Msimamizi akamtazama mwanamke mfupi
mwenye kitenge juu ya koti la baridi,
akatazama kilichoning'inia shingoni mwake,
akazima mashine,
akavua glavu
na kunyoosha mkono aishike ncha ile nyingine.