Mhuri wa Chini ya Soli

Miaka ishirini na saba, kiwandani Felgueiras,
kazi yangu ilikuwa kugonga mhuri: thelathini na nane,
thelathini na nane, mpaka king'ora cha chai.
Kwa hiyo niamini, Deolinda, usilie dukani mwangu.
Namba ni jina tu.
Mtaani hapa tuko Zulmira wanne,
na gauni langu halimkai hata mmoja wao.

Waingereza walipima kwa punje za shayiri, tatu kwa inchi;
Wafaransa wakakata sentimita, wakashika theluthi mbili.
Sisi tukafuata Wafaransa, halafu kila fundi
akachonga kalibu yake. Mzee Abílio
alichonga akiuwaza mguu wa mkewe,
mwembamba, kisigino kama yai.
Alipokufa, mwanawe akaleta kalibu za plastiki, pana.
Mhuri nikaendelea kugonga uleule.

Umefanya vema kuja jioni, miguu imeshavimba.
Simama! Mguu uliokaa ni mwongo.
Lete na wa kushoto. Unaona? Umeuzidi wa kulia;
tuufuate huo, mdogo tutautilia kitambaa.
Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya gumba langu.
Na asikudanganye mtu kwamba kitaachia:
ngozi huachia upana, urefu haujui.

Arobaini na moja.
Akakigeuza, akaisoma, akaona haya.
"Harusini nitapiga magoti, Zulmira. Kanisa zima litaiona."

Nikachukua kisu, nikaikwangua.

Akatembea hadi mlangoni, akarudi,
akaenda tena. Hakutazama chini.