Maagizo Nyuma ya Kalenda

Siku aliyopelekwa Valparaíso kupasuliwa nyonga
dada yangu Otilia hakuniachia funguo wala wosia.
Aliniachia kalenda ya duka la dawa, ya mwaka juzi,
na nyuma ya kila mwezi mwandiko wake wa penseli,
mdogo, ulioinama kama mtu anayepalilia.

*Lori la maji huja Jumanne na Ijumaa.
Usilisubiri kwa moyo. Lisubiri kwa mapipa.*

Mimi ni mtu wa reli, miaka thelathini na moja.
Ninajua ratiba, ninajua grisi na filimbi.
Bustani niliijua kama mtu ajuavyo harusi ya jirani:
kwa harufu, kupitia ukutani.

Siku ya kwanza nilimwagilia saa sita mchana,
ndoo nzima, kwa fahari, juu ya majani ya boga.
Jua likanywa mbele yangu, likajifuta mdomo.
Kufika saa nane boga limelala kama mlevi.
Nikageuza Februari:

*Alfajiri, Belarmino. Kabla jogoo wa Nolberto hajakohoa.
Na mguuni, si usoni. Hakuna anywaye kwa nywele.*

Basi nikaamka. Nikajifunza vyungu vyake,
vilivyozikwa hadi shingoni katikati ya nyanya,
kila kimoja na kisahani kichwani, mbu wasipate pa kutagia.
Unajaza leo; chungu kinatoa jasho chini kwa chini,
na mizizi inakifuata gizani, bila kuitwa,
kama paka wanaolijua jiko.

Nikajifunza chupa: kizibo kitobolewe kwa sindano,
tundu moja, si matatu (matatu ni ulafi),
kisha ichomekwe kichwa chini kando ya pilipili.
Nikatandaza nyasi kavu, unene wa kiganja,
maana udongo ulio uchi huungua kama mtu.
Maji ya kuoshea saladi yakaenda kwa nanaa,
ya kuchemshia mayai, yakishapoa, kwa mlimao,
ya kuogea, nikibania sabuni, kwa waridi,
kwa kuwa waridi haliliwi, wala halisemi.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Hao hawajamwona Otilia na tambara.

Ng'ambo, mlimani, mashamba ya parachichi
yalikuwa kijani usiku na mchana, kijani cha kukera.
Mabomba yao yalinong'ona. Sisi tulihesabu vikombe.
Kalenda, mwezi wa Juni, ina mstari mmoja juu ya hilo,
umefutwa kwa nguvu hadi karatasi imechanika.

Kisha lori halikuja. Ijumaa, Jumanne, Ijumaa tena.
Nikagonga pipa, likajibu kwa sauti ya pipa.

*Ukiogopa, usimwage. Chomeka kidole.
Kikitoka kikavu hadi pingili ya pili, upe mmea.
Kikitoka na udongo umekiganda, una siku mbili.
Nenda kalale.*

Nikachomeka. Mwanamume wa miaka sabini,
magoti chini, kidole ndani ya ardhi,
nikisikiliza kama nilivyokuwa nikigusa reli
kujua treni iko umbali gani.
Ubaridi. Unyevu kidogo. Siku mbili.
Nikagawa. Maharage nikayaacha yafe.
Nolberto akaleta nusu jagi kupitia uani,
akasema ni ya mlimao, si yangu.

Siku ya kumi na nne lori likafika, likipiga honi
kama mgeni asiyejua kwamba msiba umeshaisha.

Otilia alirudi Machi na magongo mawili.
Hakuketi. Hakuomba chai.
Alinipa gongo moja nilishike, akashuka polepole
hadi nikamwogopea nyonga,
akautazama mstari mtupu wa maharage, asiulize,
akachomeka kidole chini ya nyanya,
akakitoa, akakiangalia, akakinusa.

"Umezidisha," akasema,
akakipangusa kwenye shati langu.