Una Nani Hapa

Mhuri ulikuwa wa buluu. Alitarajia mwekundu.
Begimai aliitazama rangi tu, hakusoma,
huku mwanamke wa dirisha namba sita
akiisukuma karatasi chini ya kioo
kwa ncha ya kalamu, si kwa kidole.

Damu ilichukuliwa Jumatatu, ili kibali kihuishwe.
Miaka saba amekanda unga usiku
na Chelyabinsk ikaamka na mkate wake mdomoni,
miaka saba, wala hakuna aliyeuuliza mkate
ulipita mikononi mwa nani.
Lugha ninayomsimulia kwayo ina methali:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Kule mwenyeji alishika kalamu akaandika
kwamba mgeni huyu hatakiwi kukaa.
Sababu: herufi tatu.

Upo mlango mmoja, akasema wakili Tamara Lvovna
katikati ya kikohozi, ofisini kwake juu ya duka la matairi.
Sheria humwachia abaki
mwenye mume, mtoto au mzazi aliye raia.
Wewe una nani hapa?

Damu yake wameikataa,
sasa wanataka awaoneshe damu.

Begimai akahesabu njiani, ndani ya tramu.
Ana chachu kwenye mtungi wa kioo,
aliyoipa jina la dada yake aliyebaki Naryn;
huumuka saa nne usiku, isipolishwa hununa.
Ana paka wa jirani, nusu yake.
Ana deni la koti.
Ana Rodion.

Rodion, dereva wa gari la kuzoa theluji,
miaka minne anaacha viatu mlangoni kwake
na neno ndoa hajalitamka,
wala yeye hajalidai. Waliona yanatosha
chai, redio, na migongo kuegemeana
baridi ikipiga hodi madirishani.

Alimwambia jikoni, amesimama,
karibu na mlango, ili akifukuzwa atangulie kutoka.
Rodion alikuwa anamenya kiazi.
Aliendelea kukimenya. Ganda lilishuka refu, refu,
halikukatika.
"Na mimi nitapima," akasema.
Kisha, kwa kiazi zaidi kuliko kwake:
"Kesho zamu yangu inaanza saa nane mchana.
Asubuhi ofisi ya ndoa iko wazi."

"Unanioa, au unanificha?"

"Sijui. Acha nimalize hiki."

Usiku ule hakulala. Hakuwa na hasira naye.
Alichukia kwamba serikali ilimposea,
kwamba swali alilolingojea kimyakimya miaka minne
limefika na tarehe ya mwisho mgongoni,
na kwamba hatajua tena, hata wakizeeka pamoja,
kama lingekuja peke yake kwa miguu yake.

Asubuhi, foleni fupi. Karani kijana, kucha za zambarau.
"Mnafanya hivi kwa hiari yenu?"
Anauliza kila mtu; imeandikwa aulize.
Rodion akajibu upesi mno.
Begimai akatazama kidole gumba chake,
kipande cha ganda la kiazi bado kimekwama chini ya ukucha.
"Hiari," akasema, na neno likamshangaza
kwa uzito wake mdogo.

"Mtasubiri mwezi mmoja. Ndiyo kawaida."
Siku zake zilizobaki hazikufika mwezi.
Tamara Lvovna atajua la kufanya, au hatajua.
Karani akamkabidhi fomu mkononi,
vidole vikagusana,
na Begimai hakuuondoa wake.