Ufunguo wa Pili

Nyumba zangu arubaini na tatu
nazijua kwa milango yake:
wa makuti, wa bati, wa mbao za sanduku la chai,
na ule usiobishwa hodi kabla ya adhuhuri
kwani mwenyewe analinda skuli, hulala mchana.

Daftari nililopewa lina safu saba.
Mimba. Chanjo. Uzito. Choo. Chandarua. Maji. Rufaa.
Hapana safu ya Bi Mkasi
anayeniambia "sijambo, mwanangu"
na kiganja kimefunika goti
lililovimba kama fenesi changa.
Huyo namwandika pembeni, kwa penseli.
Msimamizi akija kutoka Wete huuliza:
haya nayo mapambo gani?

Kituo chetu kijani chini, cheupe juu.
Kina mizani ya kuning'inia,
jokofu la chanjo linalokula jua,
kitanda cha kuzalia, mpira wake mpya,
na kufuli
linalong'aa kuliko vyote.
Ufunguo mmoja, nao hulala Wete,
mkobani mwa nesi Sabiha.
Simsengenyi. Mtu mwema.
Hupanda gari ya saa tisa na nusu
kwa sababu nyumba ya nesi haina paa
tangu upepo wa mwaka juzi.

Usiku ule Chumu alishikwa na uchungu
wiki tatu kabla ya siku zake.
Nasema mapema, usije ukashika roho:
mama na mwana wazima.
Tulimleta kwa gari la ng'ombe, jiwe kwa jiwe,
tukamlaza kwenye baraza ya kituo.
Kwa tochi ya simu, dirishani,
tulikiona kitanda.
Tuliziona glavu ndani ya boksi lake.
Tuliona kila kitu.
Mtoto akatua juu ya saruji, juu ya kanga yangu,
kanga yenye maneno
ambayo tangu siku ile sijayasoma tena.

Alfajiri gari la Micheweni lilipokwisha kumchukua
nikaisugua saruji kwa majivu na ndimu
kabla foleni ya chanjo haijafika.
Kwenye safu ya Rufaa nikaandika:
Alifika kituoni.
Na ilikuwa kweli.

Kamati ikakaa darasani,
watu wazima kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigusa videvu.
Sheha akataka barua.
Mwengine akataka gari la wagonjwa,
mwengine jenereta, mwengine wizara yenyewe ije ione.
Yote haki. Yote yakaandikwa.
Kisha Bi Time, muuza bajia, ambaye hajapata kusema kikaoni:
"Kwani fundi ufunguo wa Konde kafa?"

Kimya. Mtu akakohoa.

Shilingi elfu mbili.
Sabiha akatia saini, akatuuliza
mbona hatukumwambia zamani.
Hatukuwa na jibu. Hata leo sinalo.

Una jino moja lililokatwa vibaya:
uuinue kidogo, kisha ugeuze taratibu
kama unayemgeuza mtoto aliyelala.
Wiki hii upo msumarini kwangu,
wiki ijayo kwa Time, una uzi mwekundu.
Ufunguo hauzalishi, najua.
Simu ya Sabiha lazima ishike mtandao,
gari lazima litoke Micheweni,
na paa la nyumba ya nesi
lingali karatasi ndani ya bahasha.

Lakini mwana wa Chumu juzi alining'inia mizanini,
kilo saba na robo, akinipiga mateke ya kifua,
na mimi nilichukua rula
nikachora safu ya nane.
Mlango.
Msimamizi akaipitisha kidole juu chini,
mara hii hakuuliza mapambo.

Jana usiku: saa nane na dakika kumi.
Wazi.