Wanangojeana

Kurasini, saa nane usiku. Kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye ndoo ya rangi, tone, tone,
na diski sita zimewasha taa zao za kijani
bila kupepesa.
Hapo ndipo nilipojua pana jambo:
diski nzima hupepesa.

Ujenzi upya umegota asilimia sitini na saba nukta tatu.
Tangu magharibi, nukta tatu ileile.
Nje, malori ya Tunduma yamezima injini,
madereva wamelala chini ya matela, juu ya maboksi.
Hati zao za forodha zimo humu ndani,
na humu ndani hakuna anayejibu.

Naorodhesha michakato. Mmoja una alama D:
umelala usingizi usiokatizwa.
Nikautumia amri ya kuua, ile ya tisa, isiyo na rufaa.
Haukufa.
Utamuuaje aliyelala mahali ambapo hata kifo
kinabisha hodi na kuambiwa kisubiri?

"Zima, washa," alisema Bwana Mapunda kwa sauti ya shuka.
Nikamwambia: diski moja tumeizika Jumanne, ya pili inakohoa,
kuzima naweza.
Akakata simu. Subira yavuta heri, nikajisemea,
na tumbo likanijibu kwa methali yake.

Basi nikakiomba kiini cha mfumo kitapike.
Mistari mia nne, majina ya fankisheni yamepandana
kama sahani kwa mama lishe.
Nikasoma kutoka chini, nikichora nyuma ya risiti ya Luku:

huyu ameshika kufuli, anangoja maandishi yaishe;
yule ana maandishi mkononi, anangoja kufuli.

Hakuna aliyekosea.
Silabi mbili tu mwishoni mwa kitenzi,
na lugha yangu ilikuwa inajua siku zote:
wanangojeana.

Saa kumi mlinzi Mbwambo analeta chai ya rangi, anachungulia.
"Wezi?"
"Hapana. Wastaarabu wawili mlangoni."

Niliandika neno moja kwenye faili dogo
ambalo mmoja wao hulitazama hata usingizini.
Dawa yenyewe ni kesho: mstari mmoja upande juu ya mwenzake,
achia kwanza, ndipo ungoje.
Aliyeiandika simjui. Mtu makini,
maana kila mstari, peke yake, ni sahihi.

Taa ya tatu ikapepesa. Kisha ya tano.
Sitini na saba nukta nne.
Nje, mtu akakohoa chini ya tela,
akageukia upande wa pili, akaendelea kulala.